Mirathi, Mali na Mraba: Kabla Kijana Hajaingia Kidato cha Tano

Bismillahir Rahmanir Rahim. 

Ndugu zangu, wiki iliyopita baba mmoja aliniandikia faraghani. Mwanawe amechaguliwa kidato cha tano, tahasusi ya PCM. Hesabu alipata C. Ameshasikia kwa kaka zake mtaani kwamba hesabu ya kidato cha tano si ile ya kidato cha nne, kwamba wapo waliotoka na A wakaangukia mwisho wa darasa mwezi wa kwanza tu. Sasa kijana anataka kuomba kubadilishiwa tahasusi kabla hata hajaripoti. Baba akaniambia, "Sheikh, mwombee dua."

Nimemwombea, na wewe unayesoma mwombee. Kisha nikamuuliza: tangu mtihani wa Novemba kijana amekuwa akifanya nini? Akanijibu kwa unyoofu kwamba alikuwa anapumzika.

Basi post ya leo ni ya kijana huyo, na ya mama au baba aliye na mtoto wa namna hiyo ndani ya nyumba. Ni ndefu. Atakayechoka aihifadhi, arudi baada ya Ishaa.

Nianze na jambo linaloniuma. Kila baada ya muda inazunguka picha humu mitandaoni: mzee mwenye kilemba, chini yake imeandikwa kwamba Waislamu ndio waliovumbua aljebra. Watu wanasema masha Allah, wanasambaza, wanalala. Asubuhi mtoto wa aliyesambaza anapewa mlinganyo mmoja ubaoni na mikono inamtetemeka. Kwa miaka mingi hapa Tanzania Hisabati imekuwa miongoni mwa masomo yenye ufaulu wa chini kabisa katika mtihani wa kidato cha nne, na watoto wetu wa madrasa wamo humo humo. Yule mzee wa kwenye picha hakuandika ili tumsambaze. Aliandika ili tuhesabu. Hebu tumsome leo kama wanafunzi.

Jina lake ni Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, rahimahullah. Nasaba yake inarudi Khwarizm, upande wa Asia ya Kati, lakini kazi yake aliifanyia Baghdad, katika zama za Khalifa al-Ma'mun aliyetawala kuanzia mwaka 813 hadi 833. Ilikuwapo hapo Baytul Hikma, nyumba ya vitabu na tafsiri, ambamo elimu ya Wagiriki, Wahindi na Waajemi ilikuwa ikigeuzwa kwenda Kiarabu. Tuwe wakweli: wanazuoni hawa walianza na mikono iliyojaa. Tarakimu walizipokea kutoka India, na al-Khwarizmi aliziandikia kitabu. Jiometri waliisoma kwa Euclid. Hata milinganyo ya mraba ilikuwa imetatuliwa Babeli zaidi ya miaka elfu mbili kabla yao. Kusema haya hakumpunguzii mtu heshima. Anayeogopa kusema alijifunza kwa nani, huyo ndiye mwenye shaka na alichonacho.

Alichokifanya yeye ni kuipanga elimu ile ikawa somo linalosimama peke yake, lenye mlango wa kuingilia na njia inayofuatana. Kitabu chake kinaitwa kwa ufupi al-Jabr wal-Muqabala. Katika utangulizi anaeleza kwamba Khalifa alimhimiza aandike kitabu kifupi cha hesabu ambazo watu wanazihitaji: mirathi, wasia, ugawaji wa mali, mashauri ya mahakamani, biashara, upimaji wa ardhi na uchimbaji wa mifereji. Angalia kilichotangulia. Mirathi. Na si kwa maneno tu, kwani sehemu kubwa ya kitabu kile ni maswali ya wasia na mirathi.

Kwa nini? Kwa sababu Allah Subhanahu wa Taala amezitaja sehemu za warithi katika Suratun Nisaa, aya ya 11, ya 12 na ile ya mwisho ya 176: nusu, robo, thumni, theluthi mbili, theluthi, sudusi. Ukishaambiwa sehemu, kilichobaki ni juu yako. Huwezi kumwogopa Mola wako katika mirathi na huku unaikimbia hesabu ya sehemu.

Chukua swali lake mmoja. Mwanamke amefariki, ameacha mume, mtoto mmoja wa kiume na watoto watatu wa kike. Ameusia kwamba mtu baki apewe thumni ya mali yake na subui yake, yaani moja ya nane na moja ya saba. Kalamu na karatasi, twende pamoja. Moja ya nane ukijumlisha na moja ya saba unapata 15 ya 56. Haijavuka theluthi, wasia umepita. Imebaki 41 ya 56 kwa warithi. Mume ana robo kwa sababu kuna watoto. Robo tatu iliyobaki inagawanywa mafungu matano, kaka mawili na kila dada moja. Ili mume na watoto wote wapate namba kamili, gawa mafungu 20: mume 5, mwana 6, kila binti 3. Sasa zidisha 56 kwa 20 upate 1120. Mtu baki anachukua 300. Mume 205, mwana 246, kila binti 123. Jumlisha uone kama inatimia 1120.

Inatimia. Kijana wa kidato cha nne akiweza swali hili bila kikokotoo, ajue msingi wa sehemu anao. Akikwama, asiende kununua kitabu cha kidato cha tano. Arudi kwenye KDS na MAGAZIJUTO, wala asione haya. Nimeshakaa na vijana wenye B ambao hawawezi kujumlisha moja ya nane na moja ya saba bila mashine.

Hadi hapo hakuna aljebra. Sasa njoo kwenye swali lake jingine, maana hili ndilo linaloonyesha kwa nini "x" ilihitajika duniani.

Mtu amefariki, ameacha wana wawili wa kiume. Ameusia theluthi ya mali yake kwa mtu baki. Ameacha dirhamu 10 taslimu, na mmoja kati ya wanawe anadaiwa na marehemu dirhamu 10. Mwana huyo hana cha kulipa kwa sasa. Tugawe vipi?

Simama hapo kabla hujaendelea. Ukisema mali ni 10, umesahau deni. Ukisema mali ni 20, unagawa fedha ambazo hazipo mezani. Kinachoingia kutoka kwenye deni ni kile tu kinacholingana na fungu la yule mwana, anakatwa humo. Lakini fungu lake ni kiasi gani? Inategemea mali yote. Na mali yote ni kiasi gani? Inategemea fungu lake. Umezunguka ukarudi ulipoanza, na kwa hesabu ya vidole utazunguka mpaka alfajiri.

Al-Khwarizmi anasema: hicho usichokijua kiite "kitu". Kwa Kiarabu, shay'. Chukulia kilichotolewa kwenye deni ni kitu. Mali yote sasa ni 10 na kitu. Theluthi ni ya mtu baki, theluthi ya mwana huyu, theluthi ya mwana yule. Theluthi ya mwenye deni ndiyo kile "kitu" chenyewe. Kwa hiyo vitu vitatu ni sawa na 10 na kitu. Ondoa kitu kimoja kila upande: vitu viwili ni sawa na 10. Kitu ni 5. Mtu baki anachukua 5, mwana asiye na deni 5, zile 10 zimekwisha mezani, na mwenye deni hapokei kitu mkononi kwa sababu 5 zake anazo tayari. (Baki ya deni ina maneno yake kwa mafakihi. Leo tunaangalia hesabu.)

Umeona alichofanya? Alikipa jina asichokijua, kisha akakitendea kama anakijua, mpaka kikajitokeza chenyewe. Mwanafunzi anayeelewa hatua hiyo ameelewa aljebra. Mwanafunzi anayeandika "let x be" kwa mazoea tu, bila kujua x ni nini katika swali, atafika kidato cha tano na kuona ukungu. Na mimi nawaambia walimu wa madrasa, huku nikijiambia mwenyewe: tunafundisha faraidh kwa kukaririsha majedwali, kisha mtoto huyohuyo tunamwacha ashindwe aljebra shuleni, wakati ni somo moja lililovaa kanzu mbili.

Hapa niweke sawa jambo moja linalosambazwa sana, kwamba herufi x imetokana na neno shay'. Ni hadithi tamu, lakini haina ushahidi wa kuiegemea. Aliyeeneza x, y na z kwa visivyojulikana ni Mfaransa René Descartes katika kitabu chake cha mwaka 1637. Al-Khwarizmi hakuwa na herufi hata moja ya hesabu, wala alama ya kujumlisha, wala ya sawasawa. Kitabu kizima ni maneno. Kisichojulikana ni jidhri, yaani mzizi, au "kitu". Kitu kikizidishwa kwa chenyewe anakiita mali. Ndiyo, mali hii hii yetu.

Kwa hiyo mlinganyo ambao mtoto wako anauandika kwa ufupi, yeye anausema hivi: mali na jidhri kumi ni sawa na 39. Ni kiasi gani?

Shuleni mtoto atachomoa kanuni ya jumla, ile ya "hasi b, jumlisha au toa kipeuo cha pili cha b mraba", atabonyeza mashine, atapata 3. Muulize kanuni hiyo imetoka wapi. Wengi watakuangalia tu. Na hapa ndipo penye shimo kati ya kidato cha nne na cha tano. Kidato cha nne kwa sehemu kubwa kinauliza jibu ni ngapi. Kidato cha tano kinauliza umejuaje.

Al-Khwarizmi alijibu umejuaje kwa kuchora. Chora mraba, upande wake ni kitu. Hiyo ndiyo mali. Zile jidhri kumi zigawe nusu kwa nusu: mistatili miwili, kila mmoja una urefu wa kitu na upana wa 5. Mmoja ubandike kulia kwa mraba, mwingine chini. Eneo lote ulilonalo ni 39. Lakini umbo lina pengo pembeni, halijawa mraba. Pengo lile ni 5 kwa 5, yaani 25. Lijaze. 39 na 25 ni 64. Sasa una mraba kamili wa eneo 64, upande wake ni 8. Upande huo ni kitu na 5. Basi kitu ni 3.

Mwite mtoto wako achore hilo usiku huu. Akimaliza, mwambie aweke b mahali pa 10 na c mahali pa 39, arudie hatua zilezile. Ile kanuni aliyokuwa anaikariri kama talasimu itajitokeza mbele yake kwa mkono wake mwenyewe. Nimemwona binti mmoja akifanya hivyo na akanyamaza kimya kwa muda, kisha akasema, "Kumbe."

Kuna jibu la pili, hasi 13. Al-Khwarizmi hakulihesabu, maana upande wa mraba hauwezi kuwa hasi. Mwanafunzi wa leo lazima alitaje, asije akakatwa alama kwa kumfuata mwanachuoni.

Na neno lenyewe al-jabr maana yake ni kuunga kilichovunjika, kukirudisha mahali pake. Mtabibu anayeunga mifupa naye kazi yake ni jabr. Katika hesabu ni kuhamisha kilichotolewa upande mmoja ili ule uliopungua utimie. Kitabu kilifasiriwa Kilatini huko Segovia, Hispania, mwaka 1145 na Robert wa Chester, jina la al-jabr likabaki vilevile Ulaya nzima. Na kwa jina la mwandishi mwenyewe, Walatini wakapata algoritmi, ambayo leo inaendesha simu unayosomea maneno haya.

Baada yake wakaja wengi, siwezi kuwataja wote. Ila yupo mmoja nataka vijana wamjue, kwa sababu ya umri wake. As-Samaw'al, aliyezaliwa Baghdad karibu mwaka 1130 katika nyumba ya Mayahudi. Alipofika kwenye hesabu za juu, mwalimu wa kumvusha hakumpata mjini, katika Baghdad ile ile ya al-Ma'mun, maana zama zilikuwa zimegeuka. Akachukua vitabu vya Abu Kamil na al-Karaji akavisoma mwenyewe, mstari kwa mstari, na pale asiporidhika akatafuta njia yake. Kitabu chake al-Bahir alikiandika akiwa na miaka 19. Aliingia katika Uislamu baadaye, mwaka 1163, kwa hiyo kitabu hicho alikiandika kabla. Nalisema hili makusudi, mjue kwamba majlisi za elimu za Baghdad hazikuwa na mlango wa dini moja.

Miaka 19 ni umri wa mtoto aliyeko kidato cha tano au cha sita. Na wapo kati yenu mtakaopangiwa shule ambayo mwalimu wa Advanced ni mmoja, au atakuja muhula wa pili. Ndani ya al-Bahir kuna ile pembetatu ya namba, 1 1, kisha 1 2 1, kisha 1 3 3 1, anayoieleza kuwa ni ya al-Karaji. Vitabu vyenu vitaiita ya Pascal, Mfaransa aliyekuja karne tano baadaye. Na hoja zake zinatembea kwa namna inayokaribia mtakachokikuta kwa jina la induction: unathibitisha ngazi ya kwanza, unathibitisha kwamba kila ngazi inakufikisha ya juu yake, basi umezipanda zote. Wanafunzi wengi hufa hapo, kwa sababu wanatafuta jibu na hakuna jibu. Kuna hoja tu.

Trigonometria nayo ina historia yake nasi, na ni ya kibla. Mtu wa Dar es Salaam anaelekea karibu kaskazini kamili, kwani Makka iko karibu kwenye longitudo ileile. Mtu wa Kigoma akielekea kaskazini kamili amekosea kwa kama nyuzi 20, anatakiwa aelee mashariki. Umejuaje? Dunia ni mviringo, na pembe ya kibla inatoka kwenye sine na tangent. Al-Biruni (973 hadi 1048) aliandika kitabu kizima cha kupima umbali kati ya miji, na lengo alilolitaja ni kuupata mwelekeo wa kibla wa mji wa Ghazna. Abul Wafa al-Buzjani, kabla yake kidogo, alitengeneza majedwali ya sine na kuthibitisha kanuni ya sine ya jumla ya pembe mbili, ile ile itakayokutesa Agosti. Na neno sine lenyewe ni kosa la kusoma. Wahindi waliita jiva, Waarabu wakaandika jiba, na kwa kuwa irabu haziandikwi, wafasiri wa Kilatini wa karne ya 12 wakasoma jaib, ambayo ni uwazi wa nguo kifuani, pale Nabii Musa alayhis salaam alipoamrishwa kuingiza mkono wake. Wakaigeuza sinus. Dunia nzima inaandika kosa hilo kwenye vikokotoo.

Haya, turudi kwa kijana wetu na wiki alizobakiwa nazo. Nilimwambia baba yake asimlipie tuisheni ya kumaliza silabasi ya kidato cha tano kabla ya Julai. Wanaofanya hivyo wanafika shuleni wanajua majina ya mada. Afadhali saa mbili kwa siku, baada ya Alfajiri kichwa kikiwa kitupu, kwenye vitu vichache vya chini: sehemu, vipeo na logi, kuhamisha kisichojulikana ndani ya kanuni, kuchanganua mlinganyo wa mraba na kuukamilisha kwa mchoro, mstari na mteremko wake, pembetatu. Kikokotoo kikae kabatini. Na kila mstari anaouandika ausome kwa sauti kwa Kiswahili, kama al-Khwarizmi alivyoandika kwa maneno. Asipoweza kuusema, hajauelewa, hata kama jibu ni sahihi. Kiingereza cha darasani atakikuta. Maana aende nayo kutoka nyumbani.

Wale wa PCB na CBG msicheke. Mna BAM inawasubiri, na msingi ni huo huo. Na wadogo zenu watakaofanya mtihani Novemba hii watakuwa na zaidi ya miezi saba mikononi. Wazazi, miezi hiyo mnaiona.

Kijana mwenyewe nimempa swali, na nakupa na wewe. Mtu amefariki, ameacha wana wawili wa kiume. Ameusia robo ya mali yake kwa mtu baki. Ameacha shilingi milioni 10 taslimu, na mwana mmoja anadaiwa na marehemu milioni 10, hana cha kulipa kwa sasa. Kila mmoja apate ngapi? Anza kwa kusema "kitu" ni nini. Utajua umepatia ikiwa zile milioni 10 za mezani zitakwisha bila kubaki hata shilingi. Niletee njia yote, si jibu peke yake.

Yeye amenitumia yake jana usiku. Alikosea mstari wa tatu, akajisahihisha mwenyewe mstari wa tano. Baba yake anasema habari ya kubadilisha tahasusi hajaisikia tena tangu Jumatatu.

Wallahu a'lam. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.